Tarieri ya injini: inachofanya na isichofanya kwenye shimo la nguzo

Tarieri ya injini ni mashine ya kuchimbia mashimo membamba yaliyonyooka, hasa ya nguzo za uzio. Juu ina injini ndogo ya petroli na mikono ya kushikia. Chini ina parafujo kubwa ya chuma, ambayo kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 10 hadi 30. Kati yake kuna boksi ya gia, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Injini inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, gia zinaupunguza mwendo huo hadi mizunguko mia chache tu, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo nguvu ya kuzungusha inavyoongezeka. Ncha inatangulia kuingia na kuishika parafujo isihame, visu vinakata udongo, mabawa yanaupandisha juu.

Kukata udongo na kuupandisha: kazi yake ni hiyo tu. Jiwe haivunji. Mtu wa Goma ambaye kiwanja chake kimelala juu ya lava ya mwaka 2002 hana la kufanya nayo. Kule wengi huzungushia viwanja vyao mawe hayohayo ya volkano. Sisi wa Lubumbashi tumejaliwa udongo mwekundu, na huo unachimbika, mradi uujue vizuri.

Kwanza majira. Agosti na Septemba udongo umekauka hadi visu vinauparuza juujuu na kutoa vumbi. Januari umeshiba maji, unang'ang'ania kwenye mabawa na hauanguki hata ukiinua. Wakati mzuri ni mvua zinapoishia, Aprili kuelekea Mei. Kama huna budi kuzungushia uzio lupango (kiwanja chako) katikati ya kiangazi, mwaga ndoo ya maji kwenye kila alama jioni, uchimbe asubuhi.

Halafu kuna yasiyoonekana kwa juu. Ukisikia mkwaruzo na mashine ikaanza kurukaruka, umegonga laterite, yaani tabaka la changarawe nyekundu iliyogandamana. Toa parafujo, vunja tabaka hilo kwa mtaimbo, kisha uendelee. Penye mabaki ya kichuguu kikubwa, ule udongo wanaofyatulia matofali, jiandae kwenda polepole: ukikauka ni mgumu ajabu.

Mizizi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Parafujo ikinaswa ghafla na mzizi, injini haijui. Inaendelea kusukuma, na mikono ya mashine inazunguka badala ya parafujo. Kifundo cha mkono kinaweza kuvunjika papo hapo. Simama miguu imepanuka, viwiko karibu na mwili, na uachie gesi mara tu unapohisi mshtuko. Kwa parafujo pana tumia mashine ya kushikwa na watu wawili. Kitenge, skafu na mikono ya shati inayoning'inia visikaribie kabisa. Na kabla hujaweka alama, hakikisha bomba la maji la REGIDESO na kebo ya umeme ya SNEL havipiti hapo chini.

Uchimbaji wenyewe ni wa hatua. Shuka sentimita 20 hivi, inua parafujo ikiwa inazunguka ili itupe udongo, kisha rudi. Ukiizamisha kwa mkupuo inajikaza ardhini kama skrubu kwenye ubao, na hapo itabidi uzime injini na kuizungusha kinyume kwa spana ya mabomba.

Kina cha shimo ni robo hadi theluthi ya urefu wa nguzo: nguzo ya sentimita 240 iingie 60 hadi 80. Mashine huacha udongo uliolegea chini, na wengi huusahau. Utoe kwa mkono au ushindilie, la sivyo nguzo itazama baadaye. Udongo wa mfinyanzi nao hubaki na kuta laini mno. Zikwaruze kwa ncha ya mtaimbo ili zege lipate pa kushika.

Kwa nguzo kumi za nyumbani, vijana wawili wenye mtaimbo na beleshi wanatosha, na ningewapa wao kazi hiyo. Shamba la nguzo mamia kando ya barabara ya Kasenga ni jambo jingine: huko kodi ya mashine inarudi upesi.