Video Ibanwe Mara Moja Tu

Tangu tulipoanza kupokea faili za H.265, kiwango cha kubana video (yaani kupunguza ukubwa wa faili), malalamiko yameongezeka, na mengi yanaimba wimbo uleule: "Video yangu ilikuwa safi, ninyi mmeiharibu." Hatuigusi. Tunaikagua tu, na mara nyingi huwa imeshabanwa mara tatu kabla ya kutufikia.

Video ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, isipobanwa hubeba takriban megabiti 622 kila sekunde. Kwa H.264, kiwango cha ubanaji cha mwaka 2003, picha hiyohiyo hutazamika vizuri kwa megabiti 8 hivi. Zilizopungua hazikufichwa popote zikisubiri kuitwa. Kwa hiyo anayeibana upya kwa megabiti 20 "ili ubora urudi" amenenepesha faili, basi.

Kodeki, yaani programu inayobana na kufungua video, huwinda kinachojirudia. Msemaji akiwa ameketi mbele ya ukuta, ukuta hauandikwi upya kila fremu. Akiinua mkono, kodeki hunakili kipande cha mkono kutoka fremu iliyotangulia, hutaja kimesogea pikseli ngapi na upande gani, kisha huandika tofauti iliyobaki. Tofauti hiyo hukadiriwa, na kwenye makadirio ndiko vitu vidogo hupotelea. H.264 hushughulikia vipande vya pikseli 16 kwa 16, H.265 ya 2013 ilifika 64 kwa 64, na H.266 ya 2020 ikafika 128 kwa 128, ambavyo hugawanywa vidogo palipo na mambo mengi. Kila kizazi kililenga kupunguza biti kwa karibu nusu, ubora ukibaki uleule, lakini prosesa hutoka jasho zaidi. Ukichagua mpangilio wa kubana haraka kuliko yote, usiilaumu kodeki.

Chengachenga za kamera gizani ndizo mla biti mkubwa, maana hazijirudii. Taa moja ya ziada wakati wa kurekodi hufanya kazi kuliko saa nzima ya kuchezea mipangilio.

Hivi karibuni tulifungua faili ya mwimbaji jukwaani usiku. Anga nyuma yake lilikuwa limekatikakatika miraba kama sakafu ya vigae. Karatasi ya maelezo ilisema H.265, kasi kubwa ya biti (biti nyingi kwa sekunde), na ilisema kweli. Miraba ilitoka kwenye ubanaji wa awali. Kodeki mpya ilikuwa imetunza kwa uaminifu makosa ya ile ya zamani.

Kuhusu utaratibu: faili yenye dosari hurudishwa na namba ya sababu. Marekebisho yatumwe ndani ya siku 14 kwa namba ileile ya maombi, si kwa maombi mapya. Ukifungua mapya, yote mawili husimamishwa hadi moja lifutwe kwa maandishi. Ikirudishwa mara ya pili, inakwenda mwisho wa foleni. Mara ya tatu maombi hufungwa. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina, .avi ikawa .mp4, huhesabiwa kuwa faili yenye dosari hata kama inacheza kwenye simu yako. Tumelieleza hili mara nyingi.

Na tafadhali, isiwe nakala iliyopita kwenye kundi la gumzo. Programu hizo mara nyingi hubana video zinazopita. Tunataka ile iliyo kwenye kadi ya kamera.