Kwa nini mzuka wa riwayani haukai nyumba mpya?

Riwaya za fumbo zenye mizuka zina mwanzo unaofahamika. Mtu anarithi jumba la ukoo ambalo hajawahi kulala ndani yake, anakabidhiwa funguo na wakili asiyependa maswali, na kabla wiki haijaisha anasikia nyayo katika chumba ambacho jamaa zake wanashikilia kwamba kimefungwa tangu zamani. Msomaji akiulizwa kwa nini mwandishi amechagua jumba kongwe, hujibu upesi kwamba nyumba kongwe inatisha: ina giza, mbao zake hulia usiku, kuta zimeota ukungu, na jirani yuko mbali. Jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba hurudiwa hata na watu wanaozipenda riwaya hizi na kuzisoma mwaka hadi mwaka.

Kasoro ya jibu hilo si kwamba ni la uongo, bali ni kwamba linaacha bila maelezo mambo yaleyale yanayohitaji kuelezwa. Msitu unatisha, makaburi yanatisha, merikebu iliyotelekezwa baharini inatisha pia. Kama hofu ndiyo ingekuwa sababu, mpangaji yeyote angefaa kuwa mhusika mkuu. Kwa nini basi mhusika huyo karibu kila mara ni mrithi, mjukuu, mke mpya wa mwenye nyumba, au mtoto aliyelelewa mbali bila kuwajua wazazi wake? Na kwa nini mzuka, baada ya kuwasumbua watu sura baada ya sura, huishia kuonyesha mahali fulani: chini ya sakafu, nyuma ya picha, ndani ya ukuta? Maswali haya hujibika tukikubali kwamba nyumba katika riwaya hizi si mandhari tu. Nyumba ndiyo mali inayogombaniwa, na mzuka ni shahidi katika shauri la mirathi.

Ushahidi uko katika riwaya iliyoanzisha mkondo huu. Horace Walpole, mbunge wa Uingereza na mwana wa waziri mkuu, alichapisha The Castle of Otranto mwishoni mwa mwaka 1764 bila kuweka jina lake, akidai kwamba ni tafsiri ya kitabu cha Kiitalia kilichopigwa chapa Naples mwaka 1529. Watu wanaoikumbuka riwaya hiyo hukumbuka chapeo, ile kofia kubwa mno ya chuma inayompondaponda kijana Conrad siku ya harusi yake, na hukumbuka picha ya babu inayoshusha pumzi kisha ikashuka kutoka katika fremu yake. Kinachosahaulika ni sababu ya vioja hivyo vyote. Ricardo, babu wa mtawala Manfred, alikuwa mtumishi wa Alfonso, mwenye ngome halali. Alimpa bwana wake sumu, akaghushi wasia, akajitangaza mrithi. Utabiri unaomnyima Manfred usingizi hausemi kwamba atakufa, wala kwamba atapagawa. Unasema kwamba ngome na utawala wa Otranto vitaitoka familia inayovishikilia, pale mwenyewe wa kweli atakapokuwa mkubwa kiasi cha kutoenea humo. Ni suala la umiliki tangu neno la kwanza, na chapeo ile ya ajabu ni sehemu ya mwili wa mdai anayekua ndani ya mali yake mwenyewe.

Kuna mahali karibu na mwisho panapostahili kusomwa polepole. Kuta za ngome zimekwisha kuanguka, na umbo la Alfonso limeinuka katikati ya kifusi na kumtangaza kijana Theodore kuwa mrithi wake wa kweli. Padri Jerome, ambaye ndiye baba yake Theodore, anasimulia jinsi Alfonso alivyooa kwa siri huko Sicily na kuacha binti, aliyekuja kuwa mama yake Theodore, kisha anaanza kusema kwamba anayo hati halisi ya kuthibitisha maneno yake. Manfred anamkatiza: hati haihitajiki, kwa maana maono waliyotoka kuyaona yanautia nguvu ushahidi huo kuliko ngozi elfu moja zilizoandikwa. Hapo mzuka na karatasi vinawekwa kwenye mizani moja, kama vielelezo viwili vya kesi ileile, na mzuka unashinda. Kwangu mimi, mstari huo mmoja unaeleza kazi ya mizuka ya riwayani kuliko maelezo yote kuhusu giza na upepo.

Visa vya nyumba zenye mizuka vilikuwepo karne nyingi kabla ya Walpole. Pliny Mdogo, Mrumi wa karne ya kwanza, alimsimulia rafiki yake Sura kwa barua habari za mwanafalsafa Athenodorus, aliyepanga nyumba Athene baada ya kutiwa shaka na urahisi wa kodi yake. Usiku mzuka wa mzee aliyefungwa minyororo ulimwita kwa ishara, ukamwongoza hadi uani, ukatoweka. Kesho yake palipochimbwa ikaonekana mifupa ndani ya minyororo, ikazikwa kwa heshima, na nyumba ikatulia. Mzuka huo hauna ugomvi na anayeishi humo. Unadai kaburi, basi. Katika riwaya iliyokuja baadaye mzuka unadai nyumba, na anayedaiwa ni familia iliyomo.

Ili kuona kwa nini dai la namna hiyo haliwezi kusimama bila mzuka, inafaa kuichunguza dhuluma ya ndani ya familia kama hakimu angeichunguza, kwa kuuliza nani anaweza kutoa ushahidi. Aliyeua hasemi. Watoto wake, wakijua, wananufaika kwa kunyamaza, kwa kuwa ukweli utawatoa katika vitanda vyao wenyewe. Watumishi wanakula mezani kwa haohao. Aliyedhulumiwa amekufa, na mtoto wake hajui kwamba yeye ni mtoto wa nani. Inabaki hati, na hapa historia ya Uingereza ina uzito mkubwa. Ofisi ya serikali ya kusajili ardhi ilianzishwa huko mwaka 1862 tu. Kabla ya hapo umiliki ulithibitishwa kwa bunda la hati zilizohifadhiwa na mwenye mali au wakili wake, kila hati ikisimama juu ya ile iliyoitangulia: huyu alirithi kwa yule, yule alinunua kwa fulani. Maana yake ni kwamba aliyenufaika na wasia wa kughushi ndiye pia aliyeshika ufunguo wa sanduku la ushahidi.

Mfuatano huo wa hati hufanya kazi kama vifungo vya shati. Mtu akikosea kifungo cha kwanza, cha pili kitaingia vizuri katika tundu la tatu, cha tatu katika la nne, na kila kimoja ukikitazama peke yake kitaonekana kimekaa sawasawa na mwenzake. Hakuna kifungo cha katikati kinachoweza kukuambia kwamba kuna kosa. Kosa hujulikana chini kabisa, mkono unapofika kwenye kifungo ambacho hakina tundu, ilhali kule juu kuna tundu lililobaki wazi. Mhusika mkuu wa riwaya ya jumba kongwe ni mtu aliyezaliwa kwenye kifungo hicho cha mwisho. Hakufanya kosa lolote, wala baba yake hakufanya, lakini mambo yake hayakai sawa, na ili ajue sababu inambidi apande nyuma kizazi kwa kizazi hadi kule juu. Nyumba mpya haiwezi kumpa safari hiyo kwa sababu haina wa kumtangulia.

Isidhaniwe kwamba sheria ya ardhi ndiyo iliyoizaa riwaya hii. Walpole mwenyewe alimweleza rafiki yake kwamba wazo lilimjia ndotoni mwezi Juni 1764, alipoona mkono mkubwa wenye deraya, yaani vazi la chuma la vita, juu ya ukingo wa ngazi katika ngome ya kale. Dai langu ni dogo kuliko hilo: wasomaji wa zama zile waliishi katika mfumo ambao karatasi moja iliyofichwa ingeweza kuwa imeharibu haki ya vizazi vitatu, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mrithi ana sababu ya kuogopa kabati lisilofunguka.

Sifa ya pili ya jumba kongwe ni kwamba lina nafasi ya kuficha, na nafasi hiyo inapimika. Kuna hekaya mashuhuri kuhusu ngome ya Glamis huko Uskoti, inayosimuliwa kwa namna nyingi tangu karne ya 19, kwamba wageni walitaka kujua kama kweli kuna chumba cha siri ambacho mrithi peke yake huelezwa habari zake. Wakaingia kila chumba walichoweza kukifikia na kuning'iniza taulo dirishani, kisha wakatoka nje kutazama. Baadhi ya madirisha hayakuwa na taulo. Hekaya ibaki hekaya, lakini mbinu yake ndiyo hasa mbinu ya riwaya hizi: nyumba kwa nje haikubaliani na nyumba kwa ndani, na tofauti hiyo ni ushahidi ambao familia haiwezi kuuchoma moto kama barua. Wala maficho hayo si ndoto za waandishi. Nicholas Owen, fundi seremala aliyefia katika Mnara wa London mwaka 1606 baada ya kuteswa, alitumia miaka mingi kujenga ndani ya nyumba za Wakatoliki wa Uingereza vijumba vya kuwaficha mapadri waliokuwa wakisakwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Nathaniel Hawthorne wa Marekani aliitumia hekima ya aina hiyo kwa ustadi mkubwa katika The House of the Seven Gables ya mwaka 1851. Kanali Pyncheon anaupata uwanja wa Matthew Maule baada ya Maule kunyongwa kwa tuhuma za uchawi, anajenga jumba lake papo hapo, na fundi anayemwajiri ni mtoto wa Maule. Fundi huyo anaificha hati ya mashamba ya Kanali katika shimo nyuma ya mahali pa picha. Ukoo unaitafuta vizazi kadhaa, na inapopatikana imekwisha kupoteza thamani yake.

Kipimo kizuri cha hoja yote hii ni Ann Radcliffe. Katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794 mambo ya kutisha hupatiwa maelezo ya kawaida, na kitu kilicho nyuma ya pazia jeusi, kilichomfanya Emily, mhusika mkuu, azirai, ni sanamu ya nta. Mizuka inafutika, lakini riwaya inasimama, kwa kuwa siri za mali na damu zimebaki. Ukifuta siri ukaacha mizuka, hakuna cha kugundua. Kipimo hiki hakifai kila mahali: katika The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898, mhusika mkuu ni mwalimu mgeni asiyerithi chochote, na wasomaji wanabishana hadi leo kama mizuka anayoiona ipo.

Aliyeielewa kazi ya mzuka wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Clara Reeve, ambaye riwaya yake The Old English Baron ilitoka kwa jina hilo mwaka 1778. Aliona kwamba vioja vya Walpole vimepita kiasi, akabakiza milio ya maumivu chini ya sakafu, deraya yenye damu, na mifupa iliyozikwa humohumo chumbani. Edmund, aliyelelewa kama mtoto wa mkulima, analala katika vyumba hivyo na kugundua kwamba ngome ni ya baba yake aliyeuawa. Muuaji anakiri, Edmund anatambuliwa, na Reeve haishii hapo. Wahusika wanakaa chini na kujadili kwa makini malimbikizo ya mapato ya mashamba, samani za ngome na mifugo, na gharama za malezi ya Edmund ambazo zinapaswa kukatwa katika deni hilo.