ERP siyo mpaka uwe kampuni kubwa

Wengi wanadhani mauzo yakipanda tu basi unahitaji ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha stoo, mauzo na uhasibu, hapana bana. Duka moja Kariakoo linalouza mamilioni kwa siku linaweza kwenda freshi tu na Excel na mashine ya risiti ya EFD. Shida inaanza pale stoo inasema katoni zipo 40, kaunta imeshauza 52, na mhasibu ana namba yake ya tatu anayoiokota kwenye WhatsApp kila jioni. Hapo ndo utafute ERP, hata Odoo, programu mojawapo, ina toleo la bure, ila fundi utamlipa. Na usikurupuke, Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, walikimbiza mfumo mpya mwaka 1999 wakashindwa kupeleka oda za sikukuu ya Halloween za kama dola milioni 100, na mzigo wanao stoo.