Stata inazunguka, injini haiwaki: pima umeme ukiwa kazini

Mvua za Machi zikishashika, simu yangu hailali. Nyasi za kikuyu hazina subira. Ukiziacha wiki mbili tu zimejifuma kama mkeka, na hapo ndipo mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuketi juu yake na kuiendesha, iliyolala stoo tangu Januari inapotolewa. Ufunguo unazungushwa: kimya. Au stata, ile mota ya kuanzisha injini, inazunguka vizuri kabisa lakini injini haishiki. Mimi ni fundi wa umeme wa mashine hapa Nairobi, na kazi nyingi za aina hii huniita Karen, Runda na Lang'ata, kwenye shule na viwanja vyenye ekari kadhaa za nyasi.

Mara nyingi nikifika nakuta betri mpya, rilei mpya (swichi inayoendeshwa na umeme), pengine hata stata mpya, na mashine bado imekaa. Inaniuma, kwa sababu pesa hizo zimetoka kabla mtu yeyote hajapima chochote. Au amepima, lakini umeme ukiwa umepumzika, yaani bila kifaa chochote kuutumia.

Kwanza tuelewane kuhusu dizeli, maana mashine ninazozisema hapa zina injini za dizeli. Injini ya petroli inahitaji cheche za plagi kila wakati. Ya dizeli inajiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo umeme kwenye mashine hii una kazi kubwa tatu: kuzungusha stata, kupasha hita plagi (vijiti vinavyotia joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha), na kufungua njia ya dizeli kupitia solenoidi, sumaku ya umeme inayovuta pini, iliyo karibu na pampu ya dizeli. Injini ikishawaka, inayobaki kuhitaji umeme ni solenoidi hiyo. Swichi zote za usalama, ya kiti, ya visu na ya breki, mwisho wake ni kuruhusu au kukata umeme wa stata na wa solenoidi.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa dereva huwa hili: ilizimaje? Kama ilizima pu, kama mtu aliyezungusha ufunguo, tafuta umeme. Kama ilikohoa, ikapungua nguvu, ikainuka tena kisha ikafa, acha nyaya kwanza, angalia filta na hewa kwenye mipira ya dizeli. Jibu la dereva mara nyingi huniokolea saa nzima.

Sasa nije kwenye mashine moja ya shule fulani upande wa Karen. Injini ya silinda tatu, stata inazunguka kwa nguvu, haiwaki. "Fundi, wametuambia pampu imekufa," msimamizi akaniambia. Nikamwomba dereva afungue ufunguo bila kuwasha, mimi nikasukuma kwa kidole ile pini ya solenoidi mpaka mwisho. Ikabaki palepale. Nikasema, piga stata. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma kama kawaida.

Solenoidi ya aina hii ina koili mbili ndani. Ya kwanza ni ya kuvuta: inakula umeme mwingi sana, ampia 30 na zaidi, lakini kwa muda mfupi tu, kama sekunde moja. Ya pili ni ya kushikilia, nayo inatosheka na ampia moja hivi kwa muda wote injini inapofanya kazi. Nyaya zake ni tatu: mweupe wa kuvuta, mwekundu wa kushikilia, mweusi wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia fremu. Pini ilishikiliwa nilipoisukuma, basi koili ya kushikilia ni nzima. Kilichokosekana ni nguvu ya kuvuta.

Fundi aliyenitangulia alikuwa amepima waya mweusi kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, akapata 0.2, akasema ethi ni nzuri. Ukigusanisha ncha za mita yenyewe unaweza kupata namba hiyohiyo, kwa hiyo simlaumu kwa kuiamini. Lakini tupige hesabu. Omu 0.2 zikipitisha ampia moja, unapoteza volti 0.2, hakuna anayejua. Zikipitisha ampia 25, maana ukinzani huo wenyewe unazipunguza zile 30, unapoteza volti 5. Kati ya 12 zilizotoka kwenye betri, solenoidi inabaki na 7, na kwa 7 haivuti.

Kwa hiyo niliweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye waya mweusi pale solenoidi, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si kwenye fremu. Nikamwambia dereva afungue ufunguo. Mita ikaruka hadi karibu 5, kisha ikaanguka. Ethi nzuri ingeniambia sifuri, au karibu yake. Mita yako ikiwa nzito kusoma sekunde moja, tumia kitufe cha kushika kiwango cha juu, au rudia mara tatu nne, ila ukipumzisha koili katikati isiungue.

Nikafuata waya mweusi. Ulikuwa umefungwa kwa boliti chini ya tangi, na fremu ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani wakati wa likizo. Waya ulirudishwa juu ya rangi. Nilipofungua boliti, kulikuwa na duara la rangi laini chini ya washa (kile kipete cha chuma chenye meno kinachokaa chini ya boliti), na mikwaruzo miwili tu midogo iliyong'aa, pale meno ya washa yalipogusa chuma. Umeme wote wa solenoidi ulikuwa unapita hapo. Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikaweka washa mpya ya meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu ili unyevu usirudi. Pampu ilikuwa nzima muda wote.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa stata inayolia "tik" na kunyamaza. Mita kwenye volti: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi inakunyang'anya. Fanya hivyo pia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata. Betri yenyewe ikiwa imejaa husoma karibu 12.6 ikipumzika, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma ili "kujaribu altaneta", ile inayochaji betri, tuiache. Volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza regyuleta inayodhibiti chaji, na taimari ya solenoidi, ile inayokata koili ya kuvuta baada ya sekunde yake moja. Nimebadilisha kadhaa zilizouawa hivyo.

Hita plagi zina msimu wake, Julai asubuhi kunapokuwa na baridi ya digrii kumi na kitu. Toa utepe wa chuma unaoziunganisha, pima kila moja peke yake. Nzima husoma omu moja au pungufu. Iliyoungua haisomi kitu. Usipulizie spreyi ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi, inaweza kulipuka ndani.

Kuhusu maji, nitasema kidogo tu: wanaoosha mashine kwa presha chini ya kiti wanapeleka maji moja kwa moja kwenye soketi za swichi, na baada ya miezi michache shaba imekuwa ya kijani. Puliza nyasi kwa hewa, ufute kwa kitambaa.

Kwenye mashine hiyohiyo ya Karen, nilipoinua kiti nilikuta swichi imeng'olewa na nyaya zake mbili zimesokotwa pamoja, zikafungwa tepu. Dereva alieleza kwamba injini ilikuwa inazimika kila anapopita kwenye vichuguu vya fuko, ndipo mtu akaipitia njia ya mkato. Swichi ya kiti kweli huchoka, na kuunganisha nyaya hizo ni jaribio halali la dakika mbili, visu vikiwa vimezimwa, ili kujua kama ndiyo yenye kosa. Baada ya jaribio, kiunganishi hicho kinatoka. Dereva akianguka kwenye mteremko, swichi hiyo ndiyo inayozima injini kabla visu havijamfikia, na pale shuleni watoto hukatiza uwanjani wakati wowote.

Nilimwambia msimamizi mashine haitarudi uwanjani siku ile. Swichi ilipatikana kesho yake kabla ya saa sita. Nilipoifunga, nikamwomba dereva awashe kisha ainuke kidogo kitini. Injini ikazima pu.