Maana ya mafunzo ya ubingwa katika tiba ya wanyama wa maabara

Mafunzo ya ubingwa katika tiba ya wanyama wa maabara ni kipindi cha miaka miwili au zaidi ambacho daktari wa wanyama, aliyekwisha kuhitimu shahada yake, hufanya kazi chini ya usimamizi wa mabingwa ili ajiandae kwa mtihani wa ubingwa katika fani hiyo. Wanyama wanaohusika ni wale wanaofugwa kwa ajili ya utafiti na majaribio ya dawa: panya, wakubwa kwa wadogo, ndio walio wengi kupita wote, kisha sungura, simbilisi, samaki, nguruwe, mbwa na nyani wa jamii ya makaka. Maana yenyewe haina utata. Wanaoleta utata ni wale ambao siku hizi wanaita "ubingwa" kila jambo linalomkutanisha mtu na panya mweupe.

Matumizi mabaya ya kwanza ni madogo, nami sitakawia hapo. Nchi nyingi humtaka kila anayegusa wanyama wa utafiti, awe mwanafunzi, fundi au profesa, apitie kozi fupi ya kumshika mnyama, kumdunga sindano na kutambua dalili za mateso. Ni kozi njema na ya lazima. Hata hivyo, aliyeimaliza ameruhusiwa tu kuingia chumba cha wanyama. Kumwita bingwa ni sawa na kumwita fundi wa injini mtu aliyepata leseni ya udereva jana.

Matumizi mabaya ya pili ndiyo yanayokera, kwa sababu yanafanywa na watu waliosoma na yanaonekana kuwa na mantiki. Husemwa kwamba mtafiti aliyetumia panya kwa miaka ishirini ni bingwa wa wanyama wa maabara kwa uzoefu, na kwamba daktari anayesomea ubingwa huo anajifunza tu kile ambacho mtafiti anakijua tayari. Wawili hao humtazama mnyama mmoja kwa macho tofauti kabisa. Mtafiti ana swali, na panya ni njia ya kulijibu. Daktari ana mgonjwa, hata pale mgonjwa huyo anapokuwa mmoja kati ya maelfu na hana jina ila namba iliyoandikwa kwenye kizimba chake.

Chukua suala la damu. Panya mdogo mwenye uzito wa gramu 25 ana damu isiyofika mililita 2 mwilini mwake. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutochukua zaidi ya asilimia 10 ya damu yote kwa mara moja, yaani chini kidogo ya mililita 0.2, matone machache tu. Mtafiti anayehitaji mililita 0.5 kila wiki kwa ajili ya vipimo vyake haombi jambo la ajabu kwa mtazamo wa vipimo, bali anaomba jambo lisilowezekana kwa mtazamo wa panya. Daktari aliye mafunzoni lazima aijue hesabu hiyo bila kufungua kitabu, ajue mnyama anahitaji muda gani kurudisha damu aliyopoteza, na aweze kupendekeza namna ya kupata jibu lile lile kwa sampuli ndogo zaidi.

Hesabu ni sehemu nyepesi. Simbilisi akipewa penisilini, dawa ambayo mbwa huivumilia vizuri, anaweza kufa, kwa kuwa dawa hiyo huua bakteria wenye faida katika utumbo wake na kuwapisha wale wanaotoa sumu. Makaka anaweza kubeba virusi vya herpesi B bila kuonekana kuumwa, ilhali virusi hivyo hivyo, vikimwingia binadamu kwa kung'atwa au kukwaruzwa na asitibiwe mapema, mara nyingi humuua. Kwa hiyo daktari huyu hulinda pia afya ya wahudumu. Panya naye, akiwa mnyama anayewindwa, huficha maumivu. Ndiyo maana mwaka 2010 watafiti walitoa kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa panya, kwa kuangalia jinsi macho yanavyobanwa, pua na mashavu yanavyovimba, na masikio na sharubu zinavyobadilika mkao.

Yapo pia magonjwa yasiyoonekana kabisa. Kundi zima la panya linaweza kuambukizwa virusi vya parvo, wote wakala na kuzaana kama kawaida, huku kinga zao zikiwa zimebadilika kiasi cha kuharibu matokeo ya utafiti bila mtu kujua. Ili kuyagundua, huwekwa panya wachache wa uchunguzi katika vizimba vinavyotiwa matandiko machafu kutoka vizimba vya wenzao, kisha baada ya wiki kadhaa hupimwa wao. Kupanga mfumo huo, kuyasoma majibu yake, na kuamua kama chumba kizima kifungwe, ni kazi ya kila siku ya anayesomea ubingwa.

Pamoja na hayo anajifunza mamlaka. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Marekani ilitungwa mwaka 1966, na marekebisho yake ya 1985 yakaleta kamati za taasisi za kukagua tafiti zinazotumia wanyama, kamati ambazo lazima daktari wa wanyama awe mjumbe. Mwongozo mkuu wa nchi hiyo wa kutunza wanyama wa maabara unataka daktari awe na uwezo wa kumtibu mnyama, kumtoa kwenye jaribio, au kumuua bila mateso pale maumivu yanapozidi, hata kama mtafiti hakubaliani. Kumwambia profesa mwenye jina kubwa kwamba jaribio lake litasimama leo hakufundishwi katika kozi fupi.

Marekani ilianzisha chombo cha kusimamia ubingwa huu mwaka 1957. Leo kinaitwa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Wanyama wa Maabara, kwa kifupi ACLAM. Ulaya ilifuata mwaka 2000 kwa chuo chake, ECLAM, na Japani na Korea Kusini nazo zina vyombo vya aina hiyo. Huitwa vyuo, lakini havina madarasa: huweka viwango, hutambua programu za mafunzo na hutoa mtihani. Kwa utaratibu wa ACLAM, daktari anayetaka kuukalia mtihani hupitia programu iliyotambuliwa ya angalau miaka miwili, au huonyesha uzoefu wa miaka sita wa kazi hiyo, na kwa vyovyote awe amechapisha utafiti akiwa mwandishi wa kwanza. Sharti hilo la mwisho hulalamikiwa, ila mimi naliona la haki, maana anayewashauri watafiti asiyewahi kufanya utafiti hataaminiwa nao. Ukweli kwamba uzoefu unakubaliwa haumsaidii mtafiti wetu wa miaka ishirini, kwa kuwa uzoefu unaohesabiwa ni wa daktari wa wanyama aliyekuwa akifanya kazi ya tiba hiyo.

Kwa hiyo, unapoandika wasifu au kumtambulisha mtu mkutanini, mwite mtafiti huyo mtafiti mwenye uzoefu mrefu wa kutumia wanyama, na heshima yake haitapungua hata chembe. Aliye ndani ya mafunzo mwite daktari anayesomea ubingwa, kwa maana ni daktari kamili, wala si mwanafunzi wa kutumwa kuosha vizimba. Na aliyemaliza miaka yake miwili lakini bado anasubiri mtihani, tafadhali, usimwite bingwa mpaka afaulu.