Msonyo na sufuria ya wali

Mimi ni mhariri wa picha. Nimekata vipindi vingi vya uhalisia, hivi ambavyo mtaani tunaviita rialiti, na kuna msonyo mmoja haujanitoka hadi leo.

Mshiriki, binti wa miaka ishirini na ushee, alikuwa jikoni. Akafunua sufuria, akakuta wali umeungua, akasonya. Siku mbili baadaye mama wa makamo waliyekuwa naye kambini akamkumbusha zamu yake ya vyombo. Binti akaitika, "Sawa, mama." Mezani kwangu niliing'oa ile "sawa, mama" nikapachika msonyo. Mtayarishaji, mgeni aliyekuja na leseni ya kipindi kutoka kwao, akapiga makofi. Kwake ilikuwa sauti ya mtu aliyekereka, basi. Kwetu, ukimsonya mtu mzima anayeulizwa ni aliyekulea, na wiki ile ile mama mzazi wa binti alikuwa akiulizwa sokoni.

Ndiyo maana mjadala wetu kuhusu vipindi vya kuagizwa hunichosha: unaanza na kuishia bafuni. Big Brother Africa ya kwanza, mwaka 2003, kipindi cha washiriki waliofungiwa nyumba moja mbele ya kamera, ilitikisa bara kwa sababu ya mapenzi ya Gaetano Kagwa wa Uganda na Abby Plaatjes wa Afrika Kusini. Bunge la Malawi likataka televisheni ya taifa iache kuirusha. Baadaye Mahakama Kuu ikaruhusu irudi. Kote huko hoja ilikuwa miili ya watu. Sikatai kwamba ina uzito, hasa kwa mzazi anayetazama na wanawe. Lakini ukifunika miili yote, kipindi kinabaki kile kile.

Bahrain walijaribu. Mwaka 2004 MBC, kituo cha televisheni cha Kiarabu, ilileta huko toleo la Kiarabu la Big Brother, vyumba vya kulala vya wanaume mbali na vya wanawake, na mahali pa kuswali. Hazikupita wiki mbili, watu wakaandamana, kikafungwa.

Kinachouzwa, tangu Waholanzi walipoanzisha Big Brother mwaka 1999, ni kanuni zaidi ya nyumba yenyewe. Na kanuni mama ni hii: unaingia chumbani peke yako, unawataja wenzako unaotaka watoke, unatoa sababu, kisha unatoka kwenda kula nao sahani moja. Kiswahili kina neno la siku zote kwa jambo hilo: kusengenya. Hapa kusengenya ni kazi uliyopangiwa, na ukigoma umevunja sheria za nyumba.

Kisha toleo la Afrika likaongeza mzigo ambao Mholanzi hakuubeba. Kule aliingia mtu na jina lake. Huku waliingia watu 12 kutoka nchi 12. Mtanzania Mwisho Mwampamba alipomaliza wa pili, tulisema Tanzania imekuwa ya pili. Sifa hiyo ni tamu, ila aibu nayo hupita mlango huo huo: kosa la mtu mmoja mbele ya kamera linageuka fedheha ya taifa, na yeye alisaini kwa niaba yake tu.

Maisha Plus, iliyobuniwa hapa Tanzania, iliwapeleka vijana kijijini kulima, kuchota maji na kupika. Ugomvi ulikuwepo, kura zilikuwepo, wala sidai wahariri wake ni malaika. Tofauti ni kwamba mtu alipimwa pia kwa jembe, na mtazamaji alijua jembe linavyoshikwa.

Mikataba niliyowahi kuiona karibu yote ina kifungu kinachoturuhusu kukata na kupanga tutakavyo. Mshiriki hukisaini begi likiwa mkononi na gari linamsubiri. Siku hizi kabla ya kukubali kazi nauliza kama atakisomewa kwa lugha anayoota nayo. Kazi mbili nimezikosa kwa swali hilo.

Yule binti nilimtafuta nikamweleza nilichofanya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kaka, sasa mbona sufuria hukuionyesha?"