Hapana, siwashikishi watu vyoo

Jumamosi matangani, sahani ya nyama ikiwa bado mkononi, mjomba wangu aliniuliza mbele ya watu: "Binti, eti wewe ndiye unayelipwa kuwashikisha watu vyoo?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana matanga si mahali pa kugombania kazi ya mtu. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huu.

Ndiyo, natibu OCD (ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayong'ang'ania na vitendo ambavyo mtu hurudia ili kuyatuliza) kwa ERP, yaani Exposure and Response Prevention: kukutana na unachokiogopa, kisha kuzuia kile unachokifanya ili kujituliza. Ndiyo, kuna siku mteja wangu hushika kitasa cha choo cha stendi. Ila mwenye OCD hukutana na anachokiogopa kila siku, bure. Kama kukutana nacho kungetosha, angekuwa amepona zamani. Kazi iko kwenye anachokifanya baada ya hapo: kunawa, kukagua, kuhesabu, kuomba, kuuliza. Hicho ndicho tunachokizuia. Watu huisoma E wakaishia hapo, hizo herufi nyingine mbili wakazifanya pambo.

Wala si lazima pawe na uchafu. Victor Meyer, mwanasaikolojia ambaye kazi yake ndiyo chanzo cha tiba hii, alipochapisha habari za wagonjwa wake wawili, London, mwaka 1966, mmoja alisumbuliwa na kunawa, na wa pili na mawazo ya kukufuru. Waislamu nao wana wasiwasi wa udhu tangu zamani: mtu anarudia udhu mpaka swala inampita. Sheikh humwambia asiijali shaka, aendelee kuswali. Sheikh huyo hajasomea kwetu, lakini hapo ametushinda wengi.

Chukua kijana mmoja wa boda (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane). Uchafu haumsumbui hata kidogo. Helmeti yake inanuka, nashuhudia. Shida yake ni matuta. Pikipiki ikiruka tuta, wazo linamjia: umemgonga mtoto. Anageuza, anachungulia mtaroni, haoni mtu. Anaondoka. Je, kama ametambaa hadi kichakani? Anageuza tena. Abiria wanashuka wakimtukana, nauli hawatoi. Jioni anasikiliza taarifa ya habari akingoja ajali yake itajwe.

Basi nikapanda nyuma, Kondele hadi Mamboleo, hapa Kisumu. Aendeshe kama kawaida, breki kama kawaida, vioo avitazame kama dereva yeyote. Ila hakuna kugeuza, hakuna kupinda shingo, na hakuna kuniuliza, "Umesikia kitu?"

Hapa ndipo jamaa wema huharibu kazi. Tuta la kwanza, mabega yake yakapanda hadi masikioni, na ulimi wangu ukawa tayari kusema, "Hakuna kitu, endelea." Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hakuna kitu. Nikanyamaza. Neno lile ni kunawa mikono, tofauti yake ni kwamba maji yanatoka kinywani mwa mwenzako. Linamtuliza dakika tano, kisha analitaka tena. Mkewe alikuwa akimpa neno hilo kwa simu kutwa nzima, kwa mapenzi kabisa. Mimi nilimfundisha aseme, "Labda umegonga, labda hujagonga. Endelea na kazi." Akaniona katili, na mama yake akauliza ni mtu wa dini gani anayeongea hivyo. Lakini sikuajiriwa kumthibitishia kwamba barabara ya Kakamega ni salama. Hakuna awezaye. Mimi mwenyewe sina hakika kamili kwamba sijawahi kumkanyaga mtoto wa mtu kwenye msongamano wa Kibuye. Ila usiku nalala.

Wiki tatu hakupata nafuu, na kosa lilikuwa langu. Hakugeuza, hakuuliza, hakupiga simu, nikajipongeza. Kumbe usiku alikuwa analala chali akiirudia safari nzima kichwani, tuta kwa tuta, akiwahesabu watu aliowapita kando ya barabara. Ukaguzi ulikuwa umehamia ndani, nami sikuuliza. Siku hizi nauliza mapema: kichwani unafanya nini?

Kwa nini tiba hii inafanya kazi? Nilifundishwa kwamba hofu huchoka: kaa nayo, itashuka. Sasa wengi tunasema hofu ya zamani haifutiki, bali ubongo hujifunza jambo jipya linaloshindana nayo. Nimeona watu wanaotoka kwangu wakitetemeka vilevile na bado wanapona, na wengine wanaotulia vizuri, kisha wiki ijayo tunaanza upya. Wapo pia wanaosikia maelezo siku ya kwanza wasirudi tena, na siwalaumu. Dawa kama fluoxetine husaidia, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona na kwa kungoja wiki kadhaa. Hilo muulize daktari wa akili.

Kinachoninyima raha zaidi ni kipindupindu. Ushauri wa kawaida ni kwamba mteja anawe kama watu wengine. Watu gani? Kisumu ugonjwa huo umeshatuingilia zaidi ya mara moja, siwezi kumwambia mtu atoke chooni ale. Kwa hiyo sabuni mara moja baada ya choo, mara moja kabla ya kula, basi. Mstari huo nimeuchora mwenyewe, na nimewahi kuusogeza.

Tulipofika Mamboleo kijana alizima pikipiki, akavua helmeti polepole. "Daktari," akasema (mimi si daktari, nimechoka kumsahihisha), "leo hatujagonga mtu, sivyo?"

Nikamuuliza nauli ni ngapi. Akanitazama, akacheka, akaniongezea shilingi hamsini.